Swali Namba 27: Siku Saba Kutoka Dar Hadi Kishapu

Jumapili. Dar es Salaam – Dodoma

Kazi yangu ni kutafsiri. Huu mwaka wa kumi na tisa nageuza maandiko ya miradi ya maendeleo kuja Kiswahili, na nimeandika "kujengewa uwezo" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Safari hii nimeitwa kwa jambo ambalo sisi watafsiri huwa hatuitiwi: kwenda kusikia maneno yangu yakitamkwa mbele ya watu walioandikiwa. Ni dodoso la maswali 64 kuhusu maarifa, teknolojia na mazingira katika wilaya kame, na kabla halijasambazwa linajaribiwa kwa watu wachache. Limewekwa kwenye vishikwambi (tableti), neno ambalo nchi nzima ililizoea wakati wa sensa ya 2022.

Nipo na binti wa takwimu, mhitimu wa juzi tu, anayeniita mama na kunibebea begi bila kuombwa. Dereva ametangulia na gari Dodoma.

Treni ya umeme ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na kwa saa tatu na ushei unakuwa umefika. Nyuma ya Kilosa inaingia mahandakini, gizani, halafu ghafla mwanga. Bondeni kule kuna reli ya zamani inayofuatana na mto Mkondoa. Wasafiri wa treni ya Kigoma wanakijua vizuri kile kipande cha Kilosa hadi Gulwe: mvua ikikolea milimani, mto unabeba tuta, abiria mnashushwa. Waliojenga reli mpya wameipandisha juu na kutoboa mlima. Nikiwa kwenye kiti nikapitia dodoso. Swali namba 27: "Je, unatumia teknolojia gani rafiki kwa mazingira?" Chini yake majibu ya kuchagua: jiko banifu, umeme jua, umwagiliaji wa matone, mbegu zinazostahimili ukame, nyinginezo (taja). Nikajiona nimelitafsiri vizuri.

Jumatatu. Kongwa

Kutoka Dodoma unarudi barabara ya Morogoro, ukifika Mbande unakunja kulia. Upepo wa Mei ulikuwa mkavu, mibuyu imeanza kupukutisha majani. Tukaripoti kwa mtendaji wa kijiji, tukasaini kitabu cha wageni. Nina tabia mbaya ya kusoma vitabu vya wageni. Safu ya "madhumuni ya safari" ilisema: tathmini, uhamasishaji, utafiti, ufuatiliaji, mafunzo, tathmini, utambuzi wa wadau, tathmini. Nami nikaandika "majaribio ya dodoso", mwandiko wangu ukafuata wa wenzangu.

Mtu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa makamo, shambani kwake, akivuna karanga. Nikamwamkia kwa Kigogo cha kuokoteza, "Mbukwenyi," akacheka, akajibu, akatukaribisha kwenye kivuli. Binti akafungua kishikwambi.

"Mama, je, umeathiriwa na mabadiliko ya tabianchi?"

"Nchi ina tabia gani?"

Binti akanigeukia. Neno hilo tulizoea kuliandika "tabia ya nchi", likaunganishwa, likawa rasmi, na sisi wa makaratasi tukasahau kwamba masikioni bado ni tabia, na ni ya nchi. Nikaeleza: mvua, joto, ukame. "Aaa, mvua," akasema. "Ungesema mvua." Kisha akaongea robo saa kuhusu mvua: ilivyoanza mwishoni mwa Desemba, ilivyokata Februari wakati karanga ziko kwenye maua, ilivyorudi kwa hasira siku mbili ikabeba mbegu za uwele za jirani. Kishikwambi kilikuwa na nafasi ya "Ndiyo" na "Hapana".

Tukafika namba 27. Akafikiri kidogo.

"Jembe," akasema.

Binti akashusha orodha kwa kidole, akaipandisha. Jembe halimo. Yule mama akadhani hatukuelewa, akanishika mkono. Shamba lake lina mteremko. Upande wa chini, karibu na korongo, udongo bado una unyevu. Akashika shina, akalitikisa kidogo, akang'oa. Likaja na karanga zake zote, nikahesabu kumi na tisa. Tukapanda hatua kama thelathini, kwenye udongo mwekundu uliokwisha kukauka. Akashika shina jingine, akang'oa kwa namna ile ile. Mkononi akabaki na majani, mzizi na karanga mbili. Zilizobaki zilikuwa chini, ndani ya kitu kigumu kama tofali. Hapo ndipo akachukua jembe, akachimbua kwa taratibu, kwa ncha, kama mtu anayetoa mwiba.

"Mvua ikikata, una siku chache. Ukichelewa, unavuna majani."

Mkaranga una vituko vyake. Ua liko juu, lakini likishachavushwa linashusha kikonyo chembamba kama sindano hadi kitoboe ardhi, na karanga inaumbika humo humo chini. Kwa hiyo udongo lazima uwe laini mara mbili: wakati wa sindano kuingia na wakati wa karanga kutoka. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Ukilowa unalainika, ukikauka unafunga.

Kilichonileta nianze na Kongwa ni hicho. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield walizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na mpango wa kulima karanga zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya kama pauni milioni 25. Kongwa ikachaguliwa kuanza, 1947. Vifaru vya vita aina ya Sherman vikabadilishwa kuwa matrekta. Kukatandikwa kipande cha reli kutoka Msagali. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, lengo likiwa ekari 150,000, zilizokuwa zimesafishwa hazikufika 10,000. Visiki vilivunja mitambo, mchanga mkali ukala majembe ya plau, nyuki wa kwenye mibuyu wakawashambulia madereva. Halafu ukaja ukame, na udongo ukafanya kazi yake niliyoonyeshwa leo asubuhi. Januari 1951 serikali ya London ilitangaza basi, ikafuta zaidi ya pauni milioni 35.

"Baba yangu alikata visiki kule," yule mama akasema nilipomtajia. "Alisema Wazungu walilima kwa vifaru. Sisi watoto tulidhani anatania."

Nikamuuliza kama baba yake aliwahi kusema mpango ule ulikosea wapi. Akaniangalia kwa mshangao. "Hakuulizwa. Alipewa shoka."

Hapa ndipo watu waliipa njaa ya 1917 hadi 1920 jina, Mtunya, na jina lenyewe bado lipo midomoni baada ya miaka mia na zaidi. Kumbukumbu za mvua zilikuwepo Ugogo muda mrefu kabla ya ndege ya Wakefield kupita, ila hazikuwa kwenye jalada.

Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda. Binti wa takwimu, mtoto wa Mbezi, alipambana na mlenda kwa ujasiri. Kwenye kishikwambi, chini ya "nyinginezo (taja)", alikuwa ameandika: jembe.

Jumanne. Kongwa – Kondoa

Siku ya barabarani. Tulirudi Dodoma, tukakamata barabara ya Babati, lami safi, dereva akaweka taarabu ya zamani na hakuna aliyemzuia. Tulifika Kondoa alasiri. Nguo zangu zilinuka vumbi la jana.

Jumatano. Haubi

Kwa wasomaji vijana: kama mliwahi kuona picha za Kondoa za miaka ya sabini, mngedhani ni mwezini. Makorongo ya kuzamisha nyumba, vilima vyekundu bila unyasi. Wakoloni walijaribu kuhamisha watu na mifugo, haikutosha. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa fedha za Sweden kupitia SIDA. Wakaleta matingatinga ya kuchimba makinga maji, wakapanda miti, na korongo likaendelea kula. Mwaka 1979 serikali ikaamua jambo zito: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi na kondoo, zaidi ya 80,000, wakaondolewa.

Ardhi ilirudi. Hilo halina ubishi, nimeliona leo kwa macho. Vilima juu ya Haubi vimefunikwa na miombo iliyojiotea yenyewe, haikupandwa na mtu. Mabonde ya mchanga yaliyokuwa yakihamahama kila masika yametulia, juu yake kuna miwa na viazi vitamu. Mtaalamu akija na picha mbili, ya kabla na ya baada, anapata makofi.

Bibi mmoja tuliyemkuta akipalilia viazi hakupiga makofi. Alikuwa mke kijana mwaka ule. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Walituambia ng'ombe waondoke. Mume wangu akaenda nao nyikani, huko Umasaini. Akarudi baada ya mwaka, akaenda tena. Mwanangu wa tatu hakujua ladha ya maziwa."

Akanyamaza akapalilia mstari mzima. Kisha akaongeza, bila kuulizwa: "Lakini korongo lile lingefika hapa tulipokaa."

Aliyasema yote mawili kwa sauti ile ile, na mimi sina cha kumrekebisha. Nimewahi kutafsiri ripoti mbili kuhusu HADO, moja inaisifu, nyingine inailaumu kwa kuamuru watu. Bibi amezijumlisha zote kwenye mstari mmoja wa viazi.

Mwaka 1989 ng'ombe walianza kurudishwa, ila wa maziwa na wa kufungiwa bandani, mmoja mmoja, unakata majani unampelekea. Bibi anaye mmoja. Swali 27 likapata jibu la haraka, "ng'ombe wa kufungia", halafu akatuonyesha samadi kwa fahari kuliko alivyotuonyesha ng'ombe. Hiyo nayo haimo kwenye orodha. Binti akaandika, safari hii bila kunitazama.

Tulitaka kupita Kolo kuona michoro ya miambani, urithi wa dunia tangu 2006, lakini jua lilishazama. Inaniuma hadi sasa.

Alhamisi. Kondoa – Katesh – Singida

Hanang' unauona mapema, mlima mmoja peke yake uliosimama tambarare, zaidi ya mita 3,400. Tulisimama Katesh kunywa chai. Tarehe 3 Desemba 2023 alfajiri, baada ya mvua kubwa, tope na mawe vilishuka kutoka mlimani vikapita katikati ya mji. Watu zaidi ya 80 walikufa. Njia ya tope bado unaiona.

Binti aliuliza kama tujaribu dodoso hapa, sampuli ingependeza. Nilimwambia hapana. Sehemu ya nne ina swali, "Je, ulipokea taarifa za tahadhari kwa wakati?" Nililitafsiri mimi, ofisini, feni ikizunguka. Sikuweza kukaa mbele ya mtu wa Katesh na kumsomea hilo kwa ajili ya majaribio. Mama wa chai alitutilia tangawizi ya ziada, dereva akalipa, tukaondoka. Njiani hadi Singida hatukuongea sana. Alizeti zilikuwa zimeinamisha vichwa pande zote mbili za barabara.

Ijumaa. Singida – Nzega – Shinyanga

Tairi moja, saa mbili za kusubiri kiraka. Hakuna cha kusimulia.

Jumamosi. Kishapu

"Mwangaluka!"

"Mhola!"

Mzee aliyetupokea alivaa koti la suti juu ya kanzu ya kazi na alikuwa na fimbo anayoitumia kuonyeshea, si kutembelea. Aliniita mayu, yaani mama, tangu mwanzo. Mtendaji alitukabidhi kwake kwa sababu, alisema, huyu anajua kila mti.

Mwalimu Nyerere aliwahi kuiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Halikujileta. Tangu miaka ya 1920 Waingereza walikuwa wakipigana na mbung'o hapa. Charles Swynnerton aliweka makao ya utafiti Shinyanga, na maelfu ya watu wakahamasishwa na watemi kufyeka vichaka, maana mbung'o hupenda kivuli. Mbung'o walipungua kweli. Pamba ikaingia palipofyekwa, ng'ombe wakaongezeka. Baadaye zikaja operesheni za vijiji za miaka ya sabini: watu wakahamishwa wakaacha nyuma makazi yao, na pamoja na makazi wakaacha ngitili.

Ngitili ni Kisukuma. Ni malisho yanayofungwa mvua zikianza, yanaachwa nyasi zisimame na miti ichipue, halafu yanafunguliwa kiangazi kikikolea, Julai au Agosti, kipande kwa kipande. Lilikuwa jambo la wafugaji wenyewe, la ndama na ng'ombe wakongwe wasioweza kwenda mbali. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986 ulikuja kama miradi mingine, na vitalu na miche. Miche ilikufa. Katika kuhangaika wakagundua kwamba watu wana neno tayari. Kumbukumbu zinasema ngitili zilizokuwepo mwaka ule zilikuwa kama hekta 600. Hadi mradi unafungwa 2004, zilizorejeshwa zilipita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Mzee alitusimamisha kwenye njia ya ng'ombe. Kushoto, ardhi tupu, kwato tu na kinyesi kikavu. Kulia, nyasi za kufika kiunoni, migunga, ndege wa kila aina wakipiga kelele. Katikati hapakuwa na uzio wowote, hata kamba.

"Mpaka uko wapi?" binti akauliza.

"Unaukanyaga."

Wakati huo huo lilipita kundi la ng'ombe kama arobaini na kijana mmoja nyuma. Dume moja likaingiza kichwa kulia. Kijana akapiga mluzi mmoja mfupi, hata hakuinua fimbo, na dume likatoa kichwa. Mzee alisema akiingia, mwenye ng'ombe anatozwa mchenya. Faini hiyo inaamuliwa na dagashida, baraza la wakubwa, na hapo hata diwani hana ujanja.

Binti akamwonyesha picha ya setilaiti ya eneo hilo kwenye kishikwambi. Nilidhani tutamweleza. Mzee akavua kofia kukinga jua, akakitazama, akaanza kusoma: "Hili ni lambo. Hapa kwa shemeji yangu. Hii nyeusi ni hapa tulipo." Akakuza picha kwa vidole viwili kama mtoto wa shule, akagusa doa moja jeupe. "Hapa palikuwa na ngitili ya familia. Baba yao alipokufa waligawana. Mmoja akalima choroko, mmoja akachoma mkaa. Picha hii ya mwaka gani?"

Ya mwaka jana, binti akajibu.

"Basi muda si mrefu mtaona nyeupe na hapa." Akaonyesha jingine. "Wana kesi."

Hakuna setilaiti inayojua habari za kesi. Lakini pia mzee alikaa na ile picha dakika nyingi sana, akauliza kama anaweza kuchapishiwa aipeleke dagashida. Binti akamwahidi, na nimeandika hapa ili asisahau.

Tukaanza maswali. Namba 41 ni kuhusu biashara ya hewa ukaa. Nikalisoma mwenyewe.

"Hewa?" Mzee akamtazama mtendaji. "Kama wale watumishi hewa?"

Mtendaji akacheka hadi akakohoa. Nikaeleza kwa dakika kumi: miti inavuta hewa chafu, kuna kampuni za mbali zinazolipa ili miti isikatwe. Akasikiliza kwa makini. "Kwa hiyo wao wanaendelea kuchafua, sisi tunashika nyasi?" Halafu akauliza bei, na mkataba ni wa miaka mingapi, na nani atasaini, kijiji au mwenye ngitili. Maswali matatu ambayo hayamo katika yale 64. Mwaka 2005 utafiti mmoja ulikadiria kwamba ngitili inampa kila mtu manufaa ya dola 14 hivi kwa mwezi: kuni, dawa, malisho, asali, maji. Nilipomtajia alisema ni kidogo, kisha akasema hajui dola moja ni shilingi ngapi siku hizi.

Swali 27, kwa watu watano, lilipata jibu moja. Ngitili. Jiko banifu walilifahamu, umeme jua upo juu ya mapaa mengi, lakini walipoulizwa nini wanatumia kwa ajili ya mazingira hawakusita. Binti akaandika mara tano katika nafasi ile ndogo ya "nyinginezo (taja)", inayobeba herufi ishirini tu.

Usiku, Shinyanga mjini, tulituma data Dar kwa intaneti ya simu. Nimeoga, nimejilaza, ujumbe ukaingia kwenye kundi letu kutoka kwa msimamizi:

"Hongereni. Data safi. Ila naomba ufafanuzi: kwa nini wahojiwa wote wa Kishapu wanatumia NGIRI kukabiliana na ukame?"

Nikagonga mlango wa binti. Alikuwa amekaa kitandani na kishikwambi magotini, ameshaona. Programu ya kusahihisha tahajia ilikuwa imefanya kazi yake mara tano, kwa utulivu, na hakuna aliyeona. Alijaribu kuandika upya, ikageuza tena. Akazima, akawasha, ikageuza.

"Mama, nifanyeje?"

Nikakaa kando yake tukaanza kutafuta, ndani ya mipangilio, mahali pa kuiongezea neno.